Mizani ya Kenda

Mwishoni mwa mwaka 1957, siku chache kabla ya kufungwa hesabu, nilikuwa karani mdogo katika duka moja la biashara ya mbata na mkonge mjini Tanga, kijana wa miaka kumi na tisa mwenye mwandiko uliosifiwa na kila aliyeuona, na ni mwandiko huohuo uliokaribia kumtia korokoroni mtu asiye na hatia. Kisa hiki nimekihadithia kwa mdomo mara nyingi, barazani na darasani, lakini kukiandika nimekawia, kwa sababu ilipita karibu miaka ishirini kabla maana yake haijanidhihirikia, na aliyenifunulia hakuwa mtu wa Tanga wala wa pwani hii. Alikuwa mwalimu wa skuli wa Bara Hindi, D. R. Kaprekar, ambaye sikupata kuonana naye, wala yeye hakupata kulisikia jina langu.

Mshika fedha wa duka lile alikuwa sahibu yangu, tuliyekuwa naye mtaa mmoja na chuo kimoja tangu tulipokuwa tukishika kibao cha kuandikia alifu na be. Magharibi ya siku ile fedha za kasha zilihesabiwa mara tatu mbele ya watu, na mara zote tatu zikapunguka shilingi 270 kwa zile zilizotakiwa na daftari kuu. Shilingi 270 kwa wakati ule zilikuwa zaidi ya mshahara wake wa mwezi mzima. Tajiri wetu hakuwa mtu dhalimu, lakini alikuwa mwepesi wa kukata shauri, na neno alilolitamka mbele yetu sote ni kwamba daftari halina tumbo, mwenye tumbo ni binadamu. Kisha akampa sahibu yangu muhula mpaka asubuhi, ama azilete fedha, ama akajieleze kituoni. Nakumbuka jinsi alivyokaa juu ya gunia la mbata, mikono ameiweka magotini, asilie wala asijitetee, na jinsi mimi, niliyekuwa na yakini ya uaminifu wake kama nilivyokuwa na yakini ya jina langu, nilivyokosa la kusema, kwa kuwa yakini ya moyoni haiandikwi daftarini.

Karani wetu mkuu alikuwa mzee mzaliwa wa Pemba, ambaye sisi tukimwita Maalim kwa sababu kila usiku baada ya sala ya isha alikuwa akisomesha nyumbani kwake nahau, faraidhi na hisabu. Alikuwa keshavaa viatu kwenda zake. Akavivua tena, akawasha kandili, akaniita.

"Mwanangu, hiyo mia mbili na sabini igawe kwa kenda."

"Thelathini, Maalim."

"Imebaki ngapi?"

"Haikubaki kitu."

"Basi mwenzio tusimhukumu bado. Niletee daftari."

Sababu ya maneno yale hakunieleza mpaka kazi ilipokwisha, lakini msomaji asingoje kama nilivyongoja mimi. Mtu akiandika 81 mahali pa 18, kosa lake ni 63, nayo ni kenda mara saba, na saba ndiyo tofauti ya nane na moja. Hili si jambo la sadfa. Tarakimu ikihama kutoka nyumba ya mamoja kwenda nyumba ya makumi, thamani yake huwa mara kumi ya ilivyokuwa, yaani huzidi kwa mara kenda ya nafsi yake. Na ile iliyoshuka kumpisha mwenziwe hupunguka kwa mara kenda ya nafsi yake. Kwa hiyo kosa zima, tarakimu ziwe zipi, ni kenda mara tofauti ya hizo mbili. Zikiwa zilizopishana ni za makumi na mamia, mahali pa kenda husimama tisini. Sasa, 270 ni tisini mara tatu. Bila ya kusoma mstari hata mmoja, Maalim alikuwa amekwisha jua kwamba, ikiwa kosa ni la tarakimu zilizopinduka, basi zilizopinduka ni za mamia na makumi. Kwamba zinatofautiana kwa tatu. Na kwamba ile kubwa ndiyo iliyotangulia pasipo haki yake, maana daftari ndilo lililozidi fedha.

Alichukua kalamu ya risasi na rula ya mti, akawa anaishusha rula mstari baada ya mstari katika kurasa za miezi mitatu, macho yake hayasomi majina ya wanunuzi wala tarehe, yanatazama nyumba mbili tu za katikati. Kila palipokuwa na 30, au 41, au 52, au 63, au 74, au 85, au 96, alitia nukta ndogo pambizoni. Zilipotimu nukta kumi na moja alinitaka nimsomee stakabadhi zake, moja moja. Nukta ya saba ilikuwa ya mauzo ya mbata ya mwezi wa Novemba: daftari likisema 1,853, stakabadhi ikisema 1,583. Ile nane na ile tano zilikuwa za mkono wangu, kwa wino mweusi, zimenyooka kama safu ya wasalio, nzuri kuzitazama.

Asubuhi nilimwendea tajiri kabla duka halijafunguliwa, nikamweleza kwamba kosa ni langu. Alilipokea kwa ukimya. Radhi kwa sahibu yangu hakuiomba, akaona kumrejesha kazini kwatosha. Na haikutosha, kwani baada ya miezi miwili sahibu yangu aliiacha kazi ile akaenda bandarini, na tangu hapo hakushika tena kasha la fedha la mtu.

Mimi nikawa mwanafunzi wa Maalim. Alinisomesha mizani ya kenda kama alivyoipokea kwa walimu wake, nao waliipokea katika vitabu vya hisabu vya Waarabu, ambamo ukaguzi huo umeitwa kwa neno hilohilo la mizani: unajumlisha tarakimu za nambari, na kila zikipita kenda unatoa kenda, na kinachobaki ndicho uzito wake. Ukizidisha au kujumlisha nambari mbili, uzito wa jawabu hauna budi kuafikiana na uzito wa zile mbili. Usipoafikiana, hapana shaka umekosea. Lakini uzito wa 1,583 ni nane, na uzito wa 1,853 ni nane vilevile. Mizani haioni mpangilio wa tarakimu, yaona jumla yao tu, na kwa ajili hiyo lile kosa langu lilipita katika ukaguzi wa kila mwezi pasipo kugutukiwa na mtu. Maalim aliniambia niizingatie ajabu hiyo, kwamba kipofu hapa ndiye shahidi: kwa kuwa nambari mbili za tarakimu zilezile zina uzito mmoja, tofauti yao haina budi kuwa na uzito wa kenda, na hivyo kupinduka ambako mizani haikuoni kwenyewe, yakuona katika nyayo kulizoziacha.

Mizani hii ina jamaa yake ambaye watu wa mwambao wanamjua zaidi, nayo ni hesabu ya abjadi ya kutafutia nyota, ambapo herufi za jina la mtu na la mama yake hupewa nambari zake, alifu moja, be mbili, jimu tatu, dali nne, hata ghaini elfu. Kisha jumla hutolewa kumi na mbili kumi na mbili, na kinachobaki hutaja buruji ya mtu huyo. Ami yangu alikuwa hodari wa hesabu hiyo, nami sikupata kuiamini, lakini sasa naona kwamba wazee waliokuwa wakiwahesabia watu nyota walikuwa na wepesi wa kuzigeuza nambari ambao mashine imetunyima sisi. Nitakuja kumtaja baba mmoja wa namna hiyo.

Kabla ya hapo yanipasa kutaja kosa langu la pili, ambalo halikumdhuru mtu lakini lilinifunza kuliko la kwanza. Mwaka 1961, nikiwa nimepanda cheo na nimejaa ghururi ya elimu niliyoipata, hesabu za duka lingine nililolifanyia kazi zilipunguka shilingi 45. Kenda mara tano! Nikatangaza mbele ya wenzangu kwamba ni tarakimu mbili za jirani, zinazotofautiana kwa tano, nyumba ya mamoja na makumi, na kabla ya adhuhuri nitazitoa. Nilitafuta siku mbili. Hapakuwa na tarakimu iliyopinduka. Ilikuwa ni shilingi 45 za nauli ya lori ambazo zililipwa na hazikuandikwa. Nilipompelekea Maalim habari hiyo kwa barua, maana kwa wakati huo alikuwa amerejea kwao Pemba, alinijibu mistari miwili, na maana yake ni kwamba kenda ni shahidi mwaminifu akisema hapana, lakini akisema naam amesema tu kwamba yamkini. Laiti tofauti ingalikuwa 46, ningalijua kwa yakini kwamba si kupinduka. Kuwa kwake 45 hakukunijulisha yakini yoyote. Nafikiri watu wengi, na si katika hesabu peke yake, wamehukumiwa kwa kuchanganywa ushahidi wa namna hizi mbili.

Mwaka 1976, wakati huo nikisomesha hesabu katika skuli ya sekondari, jamaa yangu aliyetoka ng'ambo aliniletea magazeti makuukuu ya Kimarekani ya Scientific American, na katika toleo la Machi 1975 nikakuta makala ya Martin Gardner juu ya Kaprekar na nambari zake. Niliisoma usiku mmoja, nikairudia alfajiri. Dattatreya Ramchandra Kaprekar alizaliwa mwaka 1905 katika mji wa Dahanu, pwani ya kaskazini ya Bombay. Mama yake alifariki yeye akiwa na umri wa miaka minane, akalelewa na baba yake, karani aliyeshughulika sana na elimu ya nyota, na kwa hiyo mtoto alizizoea hesabu tangu utotoni, kama watoto wa wale wazee wetu wa abjadi. Alisoma katika chuo cha Fergusson mjini Pune, akapata shahada yake ya kwanza mwaka 1929, na baada ya hapo hakutafuta nyingine. Alikwenda Devlali, mji mdogo karibu na Nashik, akasomesha skuli kutoka mwaka 1930 hata alipostaafu mwaka 1962. Mengi ya aliyoyavumbua aliyatoa katika vijitabu alivyovichapisha mwenyewe, na wataalamu wengi wa nchi yake waliyaona ni mchezo usiostahili daraja ya elimu.

Mwaka 1946 aligundua jambo lifuatalo, akalitangaza katika mkutano wa wanahesabu mjini Madras mwaka 1949. Chukua nambari yoyote ya tarakimu nne ambazo si za namna moja zote. Zipange tarakimu zake kutoka kubwa hata ndogo, kisha zipange kutoka ndogo hata kubwa, na utoe hii ya pili katika ile ya kwanza. Jawabu ulifanyie vivyo hivyo. Nilijaribu kwa mwaka wa mkosi wangu kuondoka, 1958: 9851 toa 1589 ni 8262, 8622 toa 2268 ni 6354, 6543 toa 3456 ni 3087, 8730 toa 0378 ni 8352, 8532 toa 2358 ni 6174. Na ukiendelea, 7641 toa 1467 ni 6174 tena, na tena, wala hutoki. Kila nambari uanzayo nayo itakufikisha hapo, na hatua hazizidi saba.

Nilisimama dirishani na karatasi mkononi, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kukitambua kitendo chenyewe. Kuzipindua tarakimu na kutoa, ndilo lile kosa la 1957. Huyu mwalimu alikuwa amelichukua lile lililomkalisha sahibu yangu juu ya gunia la mbata, akalifanya kwa kusudi, kwa tarakimu zote nne pamoja, akalirudia mpaka lilipotulia. Na kila tofauti aliyoipata ina uzito wa kenda, kama Maalim alivyosema: tatu na sifuri na nane na saba ni kumi na nane, nane na tatu na tano na mbili ni kumi na nane, sita na moja na saba na nne ni kumi na nane.

Siku ya pili niliwapa wanafunzi wa kidato cha pili, kila mmoja nambari ya kuchagua mwenyewe, na nyuma ya ubao mdogo nikaandika 6174 nisiwaonyeshe. Walikuwa thelathini na wanane. Baada ya robo saa walianza kuinua mikono, huyu amefika, na huyu amefika, na kwa kelele ya furaha iliyozuka, mwalimu wa chumba cha pili alikuja kuuliza kuna nini. Binti mmoja tu hakuinua mkono. Alikuwa ameanza na 2111, akatoa 1112 akapata 999, akapanga 999 na 999, akatoa, akapata sifuri. Aliniambia kwa sauti ndogo kwamba yake imekufa. Nilihisi baridi kifuani, maana makala sikuwa nayo mkononi, na mbele yangu palikuwa na mtoto mwenye hesabu sahihi na kanuni iliyovunjika. Kisha nikaliona: tofauti ile si 999, ni 0999, nyumba ya maelfu ina mwenyewe naye ni sifuri, na ukimfukuza umebaki na tarakimu tatu za namna moja. Tulimrudisha sifuri mahali pake mbele ya darasa zima: 9990 toa 0999 ni 8991, 9981 toa 1899 ni 8082, 8820 toa 0288 ni 8532, 8532 toa 2358 ni 6174. Yule binti hakupiga kelele kama wenzake. Alikaa akiitazama ile sifuri ya mbele, ambayo miaka yote tulikuwa tumemfundisha kwamba haina kazi.

Walinikabili baadaye na suala ambalo nilitaka waniulize: Mwalimu, umejuaje kwamba ni zote? Darasa limejaribu thelathini na nane. Je, ya thelathini na tisa? Nilikumbuka zile shilingi 45, nikaona haya kujibu kwamba imeandikwa gazetini. Nambari za tarakimu nne, pamoja na zile zinazotanguliwa na sifuri, ni 10,000, na ukiondoa zile kumi za tarakimu za namna moja zabaki 9,990, kazi ya kumvunja mtu mgongo. Lakini zitazame kwa utaratibu. Ukizipanga tarakimu kutoka kubwa hata ndogo, tofauti utakayoipata ni 999 mara tofauti ya zile mbili za pembeni, pamoja na 90 mara tofauti ya zile mbili za kati. Jingine lolote halimo. Tofauti ya pembeni ni moja hata kenda, ya kati ni sifuri hata kiasi cha ile ya pembeni, na ukizihesabu jozi hizo zote ni 54. Yaani hatua ya kwanza tu huzikusanya nambari 9,990 katika milango 54, na milango 54 mtu aweza kuipita yote kwa kalamu ya risasi baina ya alasiri na magharibi. Tuliigawa, mlango mmoja mmoja na wengine miwili, kila mtoto na wake, na majawabu yote yakaja 6174. Hapo ndipo nilipowaambia: sasa twajua.

Kwa tarakimu tatu kuna nambari kama hiyo, nayo ni 495, na milango yake ni kenda tu. Kwa tarakimu mbili hakuna kutulia: 81 huzaa 63, 63 huzaa 27, 27 huzaa 45, 45 huzaa 09, na 09 hurudi kwa 81, duara lisilokoma. Kaprekar alikuwa na mifuatano mingine mingi ya namna hii. Alichukua nambari akaiongeza tarakimu zake, 23 ikazaa 28, 28 ikazaa 38, 38 ikazaa 49, kisha akauliza ni zipi ambazo hazikuzaliwa na yoyote, akapata 1, 3, 5, 7, 9, 20, 31, 42, 53 na kuendelea, na zimeitwa pia kwa jina la mji wake, nambari za Devlali. Zile zinazogawika kwa jumla ya tarakimu zake aliziita kwa neno la Kisanskriti lenye maana ya furaha. Nyingine alizipa jina la Demlo, kituo cha reli itokayo Bombay, ambako zilimjia fikirani. Na zile zinazobeba jina lake mwenyewe ni kama 297, ambayo ukiizidisha kwa nafsi yake wapata 88,209, na 88 ukiijumlisha na 209 wairudia 297.

Mwanahesabu mkubwa wa Kiingereza, G. H. Hardy, katika kitabu chake cha mwaka 1940 cha kuitetea kazi ya maisha yake, alitaja kwamba 8712 ni mara nne ya 2178 na 9801 ni mara kenda ya 1089, zote mbili zikiwa ni zilezile zilizopinduliwa, akasema mambo hayo yafaa kuwaburudisha wasomaji wa magazeti na hayana kitu cha kumvuta mwanahesabu. Hoja yake haikosi nguvu. Tarakimu ni vazi la nambari, siyo mwili wake. Laiti binadamu angaliumbwa na vidole sita katika kila mkono, tungalihesabu kwa kumi na mbili kumi na mbili, na 6174 isingalikuwa na sifa yoyote kati ya hizi. Lakini nimekaa na neno hilo miaka mingi na moyo wangu haukulikubali lote. Katika hesabu ya kumi na mbili, cheo cha kenda kingalishikwa na kumi na moja, na makarani wa dunia hiyo wangaliyagawa makosa yao kwa kumi na moja na kuyaona vilevile. Vazi hufuata umbo la mwili hata linapobadilishwa kitambaa, na mshoni aweza kujua habari za mwili ambazo tabibu hakuziuliza. Nambari niliyoikosea katika duka la Tanga ilikuwa ni vazi tu. Zilizokosewa hazikuwa mbata.

Kuna mfuatano mmoja ulionitesa zaidi ya yote, na mpaka leo unanitesa. Chukua nambari, ipindue, uijumlishe na iliyopinduliwa, urudie, mpaka upate nambari isomekayo sawasawa kutoka mbele na kutoka nyuma. Aghalabu hupatikana upesi. Ya 89 yataka hatua 24, na mwisho wake ni 8,813,200,023,188; niliifanya kwa mkono, usiku wa mvua, nikaishia saa saba. Kisha nikaianza 196. Ikanipa 887, na 1675, na 7436, na 13783, na 52514, na 94039, ikaendelea kurefuka. Mizani ya Maalim ilinifaa hapa kuliko mahali popote, kwa kuwa nambari na iliyopinduliwa zina uzito mmoja, na kwa hiyo kila hatua huuzidisha uzito mara mbili: saba, tano, moja, mbili, nne, nane, kisha saba tena, duara la sita lisilobadilika. Kila mwisho wa mstari nilipima. Mstari mmoja ulitoa tatu palipostahili nne, na tatu haimo kabisa katika duara lile, nikarudi nyuma nikakuta moja niliyoisahau kuibeba. Nilijaza daftari la kurasa tisini na sita, nikaacha.

John Walker, bingwa wa programu za kompyuta, aliiwekea 196 mashine tarehe 12 Agosti 1987, ikafanya kazi hiyo karibu miaka mitatu, na tarehe 24 Mei 1990, baada ya hatua 2,415,836, nambari ilifika tarakimu milioni moja na ikasimamishwa. Isomekayo sawasawa pande mbili haikutokea. Wengine wameipeleka mbali zaidi ya hapo, na haikutokea. Wala hakuna aliyethibitisha kwamba haitatokea. Milango yake haina hesabu, hakuna alasiri itakayoitosha, na mtu akiniuliza nasema haijaonekana. Na neno hili haijaonekana nimejifunza kulitamka polepole, nisilikimbize likawa haipo. Ndilo neno lililotakiwa kusemwa juu ya zile shilingi 270 usiku ule, kabla ya kandili kuwashwa.

Sahibu yangu alikuja kunitembelea baada ya Idi, akiwa mzee mwenye wajukuu, na baada ya kahawa alitaka nimwonyeshe mambo niyaandikayo. Nilimpa karatasi nikamwambia achague tarakimu nne. Hakufikiri, akaandika 1853. Nikasita, naye akaniashiria niendelee. Tulifanya pamoja, yeye akitoa, mimi nikipanga: 8531 toa 1358 ni 7173; 7731 toa 1377 ni 6354; 6543 toa 3456 ni 3087; kisha 8352, kisha 6174. Alitazama kwa muda. Akageuza karatasi, akaandika upande wa pili 1583, akaanza kuzipanga tarakimu zake, 8531, 1358, akasita na kalamu juu ya karatasi alipoona kwamba ndizo zilezile za upande wa kwanza, neno kwa neno, na kwamba hapana haja ya kuendelea.

"Kwa hiyo kwake huyu zote mbili ni moja," akasema.

"Kwake ni moja, ndugu yangu. Kwa duka ilikuwa hii."

Akairudia 1583 aliyoiandika, akaitilia chini yake mistari miwili iliyonyooka, kama tulivyofundishwa kufunga hesabu.